Yowe lilinigoma, nikaenda kujifunza kujinasua nyuma ya banda la kuku

Wakuu, za muda huu. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Napita, nacheka, naondoka. Ila juzi kuna uzi ulinichoma kweli kweli. Jamaa mmoja aliandika kwamba mwanamke kujifunza kupigana ni kupoteza muda, eti mwanaume akishakushika umeshikwa, kilichobaki ni kusali. Watu wakajaa kumpigia makofi.

Nikasema leo na mimi naandika, hata kama sijui kupanga aya.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na watu wa kijijini kwetu wakiusoma huu uzi watanijua kabla hawajafika katikati. Kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi sina pa kuiweka. Wale wazee wa "hii chai", vuteni kiti tu, chai yenyewe ina tangawizi.

Twende.

Mimi ni Mkurya wa Kemambo kule Tarime, nimeolewa huku Serengeti, kijiji jirani na Machochwe. Huku ukichelewa kuvuna mahindi, tembo wanakuja kukusaidia. Naitwa Mama Bhoke, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Kazi yangu ni vitenge. Nafuata mzigo Sirari, nauzungusha kwenye minada, leo Machochwe, siku nyingine Mugumu, na nikiwa na nguvu naenda mbali zaidi.

Kazi ya mnada naipenda jamani. Sio faida tu. Ni ule muda unatandika turubai asubuhi, unavitandaza vitenge, wamama wanaanza kuvutana, huyu anataka cha maua, huyu anasema ukifua kitachuja, na wewe unabishana nao kwa raha zako mpaka jua linageuka. Pale mimi ni mtu. Nyumbani mimi ni mama wa fulani na mkwe wa fulani.

Najua kuna mtu ameshaanza kucheka. Mkurya, halafu unatafuta wa kukufundisha kupigana?

Ndiyo hivyo mkuu. Watu wanadhani sisi tunazaliwa na panga mkononi. Mimi nilizaliwa mikono mitupu kama wewe, na kabla ya haya mambo kiumbe pekee niliyewahi kumpiga kwa hasira ni mbuzi aliyetafuna kitenge cha mteja.

Sasa siku yenyewe.

Natoka mnadani, jua bado lipo juu. Mvua ilikuwa imekata barabara, bodaboda akaniacha njia panda, nikajitwika furushi langu nitembee kipande kilichobaki. Njia inapita katikati ya mashamba ya muhogo, naifahamu mpaka mawe yake.

Mbele yangu anakuja kijana. Akanisalimia vizuri kabisa, shikamoo mama. Nikaitikia marahaba. Nadhani marahaba yenyewe haikuwa imeisha, mkono wake ukawa shingoni kwangu.

Wakuu, mtu asikudanganye. Unawaza utapiga, utauma, utafanya nini. Mimi niliganda. Nilimwangalia tu. Akachukua furushi, akachukua simu, akaingia kwenye muhogo taratibu kama mtu anayeenda shambani kwake.

Na kilichoniuma si vitenge. Kilichoniuma ni kwamba nilifungua mdomo nipige yowe na hakuna kilichotoka.

Niwaeleze wasiotoka huku. Kwetu yowe si kelele. Yowe ni mali ya kijiji. Ukilipiga, kila anayelisikia anaacha alichokuwa anafanya, anaokota kilicho karibu, rungu, panga, upinde, anakimbilia lilikotoka, na yeye huku akilipokeza ili wa mbali zaidi wasikie. Mwanaume akibaki amekaa ataulizwa kwenye ritongo, yaani baraza letu la kimila, na atatozwa mbuzi. Ng'ombe wakiibiwa ni yowe. Tembo wakiingia shambani ni yowe. Mtoto wa Kikurya anajua yowe kabla hajajua kuhesabu.

Langu likanigoma. Nilifika nyumbani shingo inaniuma, mdomo umekauka.

Mume wangu Mwita alitaka kutoka na rungu wakati huo huo, lakini amfuate nani na wapi? Aliyeniuliza swali gumu ni mama yake, mama mkwe wangu, ambaye pale nyumbani neno lake ndilo la mwisho. Hakuniuliza nimeumia wapi. Aliniuliza:

"Yowe lako lilikuwa wapi?"

Nikamwambia halikutoka, mama.

Akageuza ugali wake, halafu akasema, "Mwanamke asiye na yowe haendi mnadani."

Ikawa imepita. Nikaambiwa vitenge vyangu nitauzia nyumbani. Nyumbani kwa nani? Wanawake wote wa pale walishavijua vitenge vyangu kuliko mimi. Mwita alijaribu kunitetea kidogo, mama yake akamwangalia, akakumbuka ana ng'ombe wa kunywesha.

Nilikaa wiki kadhaa nachambua mboga kama mgonjwa. Nilikuwa na hasira, na nilimchukia mama mkwe, nasema ukweli. Naye alikuwa haniongeleshi zaidi ya kunituma.

Hapo ndipo anaingia dada Rhobi.

Dada Rhobi ni jirani yetu, Mwikoma kwa kabila, mwanamke mfupi wa umbo la kawaida tu. Zamani alikuwa askari wa wanyamapori, sasa amerudi nyumbani anafuga kuku. Wote tunajua kwamba enzi za kazi aliwahi kumkamata jangili mwenye mwili mkubwa kuliko yeye na kumlaza chini, lakini mwenyewe ukimuuliza anabadilisha mada anakuonyesha vifaranga.

Nilienda kununua mayai. Akaniangalia shingo, maana alama ya kucha bado ilikuwepo, akasema kesho nikimaliza kazi za nyumbani nipite nyuma ya banda.

Nikapita. Sikumwambia mtu.

Jamani! Ngoja nivute pumzi, maana hapa ndipo utamu unapoanzia.

Mimi nilidhani nitafundishwa kuruka mateke kama kwenye muvi. Siku ya kwanza alinifundisha kusimama. Tu. Miguu ipishane kidogo, magoti yasikaze, mikono juu mbele ya kifua, viganja wazi kama mtu anayesema yaishe. Nikamuuliza sasa hii ni kupigana au kuomba msamaha? Akasema ndiyo uzuri wake, adui anaona unaomba msamaha, na wewe mikono yako tayari iko mahali pake.

Siku ya pili akanishika kifundo cha mkono akaniambia nitoke. Nikavuta kwa nguvu zangu zote, nguvu za kubeba kuni na ndoo za maji tangu utoto. Wapi. Akacheka. Akasema wote wanavuta, na mwenye nguvu ndiye anashinda. Wewe usivute. Tafuta mlango.

"Mlango uko kwenye kidole gumba."

Wakuu, jaribuni hii hapo mlipo. Mwambie mwenzako akukamate kifundo cha mkono. Vidole vinne vyake viko upande mmoja, gumba liko peke yake upande wa pili. Sasa usivute kurudi nyuma. Geuza mkono wako, ule ubavu mwembamba uelekee pale gumba linapokutana na vidole, halafu kunja kiwiko kwa ghafla ukiwa unasogea pembeni. Gumba moja haliwezi kushindana na mkono mzima. Unachomoka.

Siku nilipochomoka mara ya kwanza nilicheka mpaka kuku wakakimbia. Nikamwomba anishike tena. Na tena. Nilirudi nyumbani mkono mwekundu na moyo mweupe.

Baada ya hapo tukaenda shingoni. Ukikabwa, kidevu chini haraka, maana pumzi ndiyo ya kwanza kulindwa. Ngumi usipige, utavunja vidole vyako mwenyewe, piga kwa kitako cha kiganja, kutoka chini kwenda juu, puani. Karibu zaidi, kiwiko. Karibu kabisa, goti. Na ukishapata nafasi usibaki kuangalia kazi yako, kimbia kwenye watu.

Naendelea wakuu, samahani, nilikuwa naepua maharage.

Naona kuna mkuu ameuliza, je akiwa na kisu? Swali zuri, na mimi nilimuuliza. Dada Rhobi alinijibu kwa ukali kidogo. Akasema mwenye kisu mpe furushi, mpe simu, mpe na viatu, kisha kimbia. Kitenge kinafumwa kingine. Haya mambo ya mikono ni kwa ajili ya pale anayekutaka anakutaka wewe, au pale hana nia ya kukuachia. Anayewafundisha kunyang'anya kisu kwa siku mbili anawatafutia msiba.

Haya.

Tatizo likabaki moja, sauti. Mwili ulikuwa umeshaanza kuelewa, lakini kila akisema sasa piga kelele, natoa kisauti kama cha paka aliyefungiwa stoo. Alijaribu kila namna. Mwisho akasema mimi na yeye tumeshazoeana mno, mwili wangu unajua hatanidhuru. Anatakiwa mtu mzito, wa kiume, na nisijue atatokea lini.

Nikaenda kumwomba Mwita.

Nilidhani atakataa. Akauliza hiyo kitu inafanya kazi kweli? Nikampa mkono anishike, nikachomoka. Akanishika tena kwa nguvu, nikachomoka. Mume wangu ana mikono ya kukamata madume ya ng'ombe, wakuu. Macho yalimtoka. Akasema nakuja, ila mama asijue.

Basi ilikuwa alasiri moja. Mwita akaazima helmeti ya bodaboda, ile ya kufunika uso wote, akavaa koti zito la baridi juu ya koti lingine ili nisimuumize. Akajificha nyuma ya banda. Mimi najua anakuja, lakini dada Rhobi kanichezea akili, kaniambia leo hatokei, kapata udhuru, njoo tulishe kuku.

Nimeinama na sahani ya pumba, nikakabwa kutoka nyuma.

Sikumbuki kufikiri. Kidevu kilienda chini chenyewe. Kiwiko kikaenda nyuma chenyewe. Nikageuka, kitako cha kiganja kikatua kwenye helmeti.

Na yowe likatoka.

Lilitoka lote wakuu. Lile la siku ya furushi, na mengine niliyokuwa nimeyahifadhi tangu nazaliwa. Lilikuwa yowe kamili la Kikurya, refu, la kuita kijiji. Nilijisikia nimefunguliwa mahali. Dada Rhobi alikuwa anaruka ruka kwa furaha anasema ndiyo, ndiyo.

Halafu tukasikia yowe la pili, upande wa mashine ya kusaga. La tatu, ng'ambo ya kijito.

Tukaangaliana.

Nyie, sote watatu tumekua na yowe, na hakuna aliyekumbuka kwamba yowe halina mazoezi.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mkwe. Sijui yule mama alipita wapi, umri ule. Alikuwa amekuja na mwiko, bado una ugali. Akaona mkwe wake ametimka nywele, mbele yake limtu limevaa helmeti na makoti. Hakuuliza. Alimshushia lile limtu mwiko wa helmeti, kisha wa bega, kisha wa mgongo, na kila akishusha anaita majina ya mababu.

Mwita ndani ya helmeti anasema, "Mama, ni mimi," lakini helmeti imefungwa, inatoka sauti ya nyuki tu.

Nacheka sasa hivi nikiandika, ila ile dakika haikuwa ya kucheka. Maana nyuma ya mama mkwe walikuwa wanakuja wanaume. Panga, rungu, pinde. Wengine wana madebe ya kugonga, walidhani ni tembo. Wanakuja mbio na hawaji kuuliza. Mwita akajitupa ndani ya banda la kuku. Dada Rhobi akasimama mlangoni, mikono ameitanua, kifua mbele, anasema kwa sauti ya kazi, "Simameni hapo hapo. Sikilizeni kwanza."

Wangempita. Naapa wangempita.

Aliyewazuia ni Mzee Nyamhanga, mkubwa wa ritongo letu, aliyekuja na gambuti moja, mguu wa pili peku. Akanyanyua fimbo yake na kuuliza swali ambalo huulizwa kila yowe likipigwa:

"Mwenye yowe ni nani?"

Kwa mila yetu mwenye yowe ndiye anasikilizwa kabla ya mtu mwingine yeyote. Mikono yenye panga ikashuka, wakanigeukia. Na mimi hapo nikatakiwa kuwaambia watu wenye mapanga kwamba mle ndani ya banda yupo mume wangu na tulikuwa tunafanya mazoezi.

Mwita akatoka ana manyoya ya kuku. Kuna waliocheka, na kuna waliotukana kwa sababu walikuwa wameacha ng'ombe wenyewe machungani.

Ritongo likakaa. Yowe la bure ni kosa kubwa kwetu, na ndivyo inavyotakiwa, maana siku ya yowe la kweli watu wasije wakasita. Tukatozwa mbuzi, akachinjwa wakala wote waliokimbia. Mzee Nyamhanga hakukataza mazoezi. Alisema mikono fanyeni mtakavyo, ila yowe si la kuchezea. Kwenye mazoezi tukatumia maneno badala yake: rudi nyuma, niache, simama hapo.

Mama mkwe yeye alikuwa hashikiki. Kampiga mwanawe mbele ya kijiji kizima, kwa mwiko, bila kujua. Akaniambia sasa yowe ninalo ila akili sina, na habari ya mnada nisiitamke mpaka ulezi uvunwe. Mwita akamwambia taratibu, mama, ila mkono wako bado mzito. Hakucheka.

Nilirudi kwa dada Rhobi kinyonge. Yeye hakuwa anawaza mbuzi. Alikuwa anawaza zile panga. Akaniambia aliwahi kuona mtu amemalizwa kwa yowe, mgeni aliyekuwa anatafuta ndama wake aliyepotea, akapita mahali pabaya wakati mbaya. Walipojua ukweli alikuwa ameshapoa.

Akasema kitu sijakisahau. Alisema ukijilinda, jilinde mpaka mwisho, na mwisho si pale unapochomoka mkononi, ni pale unapoweza kulala usingizi baadaye.

Sikumwelewa vizuri siku ile.

Ikapita kama mwezi. Minada inapita, mimi nipo nyumbani. Siku hiyo mama mkwe mwenyewe akanituma mashine nikasage unga. Asubuhi kweupe, njia ya watu, tena nimetumwa. Sikuwa mnadani, nisikilizeni vizuri wale mnaosema akae nyumbani atakuwa salama.

Natoka mashine na unga wangu kichwani, kwenye kona ya minyaa kuna kijana amesimama. Akanisalimia.

Shikamoo mama.

Mwili mzima ukasimama. Sikuitikia. Niliutua unga chini, mikono ikapanda, viganja wazi. Nikasema, "Rudi nyuma." Sauti ilikuwepo. Akacheka, akasogea, akanikamata kifundo cha mkono na mkono wa pili ukaja shingoni.

Kidevu chini. Gumba. Nikachomoka, wakuu, kama tulivyokuwa tunafanya nyuma ya banda, nyepesi kabisa, mpaka na mimi nilishangaa. Kitako cha kiganja kikatua puani. Akajikunja, goti likamkuta huko huko. Akaangukia kwenye minyaa.

Na mimi mbio. Na yowe. Safari hii la kweli.

Sijui niwaelezeje ile raha. Nakimbia, napiga yowe na nacheka kwa pamoja. Yowe likapokelewa kushoto, likapokelewa kulia. Watu wakatoka, nikawaonyesha kwa mkono, wakanipita kama upepo. Nikafika uani kwa jirani, nikashika ukuta. Niko salama. Nimeweza. Mimi!

Halafu nikasikia sauti za wale waliotangulia zimebadilika. Mtu akikimbizwa zinakuwa za namna moja, akikamatwa zinakuwa nyingine. Anayekaa huku anajua.

Nikamkumbuka dada Rhobi na ule usingizi.

Nimefundishwa kukimbia mbali na hatari. Nikajikuta nakimbia kuirudia.

Walikuwa wamemzunguka. Kijana yuko chini, pua inachuruzika, uso wa mtoto wa watu tu. Nilijaribu kumwangalia kama ndiye yule wa furushi, sikuwa na uhakika, na mpaka leo sina. Panga zipo juu. Na aliyekuwa mbele ya wote, rungu limeshanyanyuliwa, ni Mwita.

Nikapenya katikati ya miguu yao. Nikasimama kati ya rungu na yule kijana, mikono nimeitanua kama dada Rhobi mlangoni pa banda.

Nikasema, "Mwita, mimi ni mzima. Niangalie."

Alikuwa haniangalii. Alikuwa anaangalia chini, nyuma yangu. Mtu mmoja pembeni akasema mtoeni huyo mwanamke. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kwenye minyaa. Wale ni watu wangu, na kwa watu wako hakuna gumba la kutafuta.

Mzee Nyamhanga akawa amefika, anahema. Fimbo ikapanda.

"Mura, vijana wangu, shusheni kwanza. Mwenye yowe ni nani?"

"Ni mimi," nikasema. "Na bado sijasikilizwa."

"Sema."

"Niliita mje mniokoe. Mmeshaniokoa, asanteni. Sikuita mje mniue mtu. Afungwe kamba, apelekwe polisi akiwa anapumua."

Mtu akanong'ona kwa Kikurya kwamba mwanamke ameshaanza kuamuru. Mzee akageuka akamwambia mila ni mila, yowe lina mwenyewe, na mwenyewe amesema.

Mwita akashusha rungu. Alilishusha polepole sana, halafu akanishika bega.

Kijana akafungwa kamba ya ng'ombe, akapelekwa mzima. Mimi nikarudi kwenye kona nikachukua unga wangu. Haukuwa umemwagika hata kidogo, na hilo lilinipa sifa za kijinga moyoni.

Nyumbani mama mkwe alikuwa jikoni. Safari hii hakuwa amekuja kwenye yowe, magoti yalimgomea tangu ile siku ya mwiko. Alishasimuliwa yote kabla sijafika, huku habari haisubiri mwenye nayo. Nikaweka unga. Nikasubiri maneno.

Akafuta mikono kwenye kanga. Akaninyooshea mkono wake, ule mwembamba wenye mishipa.

"Nishike."

Nikamshika. Akavuta. Nikamwambia hapana mama, usivute, tafuta gumba. Nikamgeuzia mkono taratibu. Akajaribu, akakosea. Akajaribu tena. Mara ya tatu au ya nne hivi akachomoka, akabaki anauangalia ule mkono wake kama si wa kwake.

Akakaa kwenye kigoda. Akaniambia kwamba alipokuwa msichana, kwao Matongo, alishikwa hivi hivi akitoka kuchota maji. Wanaume wakambeba, na jua halijazama akawa mke wa mtu. Ndiyo ilivyokuwa, wengi wa rika lake waliolewa hivyo. Alipiga yowe njia nzima. Watu walilisikia, na wakaendelea kulima, kwa sababu walijua ni harusi.

"Mimi yowe nilikuwa nalo," akasema. "Mikono ndiyo sikuwa nayo."

Nililia wakuu. Nilimkumbatia, na si kawaida yetu mkwe kumkumbatia mama mkwe. Zile wiki zote nilidhani ananifungia. Kumbe aliponiuliza yowe lako lilikuwa wapi, alikuwa anauliza kitu cha zamani kuliko mimi.

Akanisukuma kidogo, akachukua mwiko.

"Kesho ni mnada. Mbona sijaona umefunga mzigo?"

Basi ndugu zangu. Niko mnadani kama kawaida, na nyuma ya banda la kuku siku hizi tunajaa, wasichana, wamama, na bibi mmoja anayekaa kwenye kigoda kurekebisha vifundo vya mikono ya wenzake. Hii stori yake nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika. Alisema waandikie.

Nilichojifunza mimi: mikono inafundishika, sauti inafundishika, na vyote viwili viwepo. Jifunze kwa mtu anayejua, anayeanza na kukimbia na sio mateke. Na ukishajiokoa, angalia nyuma, kazi inaweza kuwa haijaisha.

Wenye uzoefu leteni, hasa akina dada. Wenye maswali ulizeni, nikikaa chini ya turubai nitajibu.

Na wewe mkuu wa ule uzi, "akishakushika umeshikwa", ukipita Machochwe siku ya mnada niulizie, nitakupa mkono unishike. Mama mkwe naye ameomba akuone. Mwiko anao.